Krismasi ya Mwezi Juni

Santuri za Krismasi mara nyingi hurekodiwa katika majira ya joto ya Ulaya. Watu wa biashara hiyo hawaoni ajabu. Santuri isiyofika dukani kabla ya Desemba haina mnunuzi hadi mwaka unaofuata, na kabla haijafika huko lazima kanda ihaririwe, sahani zipigwe chapa kiwandani, majalada yachapwe na makasha yasafirishwe. Ukihesabu kurudi nyuma unajikuta katikati ya mwaka. Ndiyo maana ilikuwa Juni 1961, Vienna ikiwa katika majira yake ya joto, Leontyne Price aliposimama mbele ya maikrofoni za kampuni ya Decca kuimba habari za usiku wa baridi na mtoto aliyelazwa horini.

Alikuwa na umri wa miaka 34. Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 27 Januari, alikuwa ameimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera ya New York, katika Il trovatore ya Verdi, na makofi ya mwisho wa onyesho yanasemekana kudumu zaidi ya dakika 40. Alizaliwa Laurel, mji wa mbao katika jimbo la Mississippi. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha kupasua magogo, mama yake alikuwa mkunga na mwanakwaya wa kanisa la Wamethodisti. Mwezi huohuo wa Juni, huko kwao Mississippi, vijana weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja kupinga ubaguzi walikuwa wakikamatwa mmoja baada ya mwingine mjini Jackson, na wengi wakaishia gereza la Parchman.

Na Vienna? Okestra ilikuwa Vienna Philharmonic, na aliyeiongoza alikuwa Herbert von Karajan, bwana mkubwa wa muziki wa Ulaya enzi hizo, ambaye zamani alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Karajan ndiye aliyemleta Price Vienna mwaka 1958 kuimba Aida. Ukumbi wenyewe, Sofiensaal, ulianza maisha yake katika karne ya 19 kama nyumba ya kuogea: kiangazi bwawa la kuogelea, na majira ya baridi bwawa linafunikwa kwa sakafu ya mbao watu wanacheza dansi juu yake. Uwazi ule wa chini ya sakafu ndio ulioupa ukumbi mwangwi wake wa joto, na ndio uliowavuta mafundi wa Decca, waliorekodi humo miaka mingi, ikiwa ni pamoja na mfululizo mzima wa opera za Ring za Wagner. Enzi za Wanazi, nyumba hiyohiyo ilitumika kuwakusanyia Wayahudi wa Vienna kabla ya kuwasafirisha. Basi humo, juu ya bwawa lililokauka, binti wa mkunga wa Laurel aliimba wimbo wa Noeli wa Martin Luther kwa Kijerumani, mbele ya mtu wa historia kama ile ya Karajan. Santuri iliyotoka iliitwa A Christmas Offering. Jalada halisemi lolote kati ya haya, na pengine ndivyo inavyofaa. Mimi lakini siwezi kuisikiliza bila kuyakumbuka.

Kuna jambo jingine ambalo msikilizaji wa leo halioni kabisa: kwamba sauti ya namna hii, ya opera, kuimba nyimbo za namna hii, za ibada, liliwahi kuwa jambo la ugomvi.

Zamani zaidi ugomvi huo haukuwepo. Mwaka 1773, Mozart akiwa bado hajatimiza miaka 17, opera yake Lucio Silla ilikuwa ikiendelea kuchezwa Milano. Nyota mmojawapo wa opera ile alikuwa Venanzio Rauzzini, mwimbaji aliyehasiwa utotoni ili sauti yake isivunjike, kama walivyofanyiwa wavulana wengi wa Italia. Mozart alimpenda, akamwandikia kipande cha kuimba kanisani, Exsultate, jubilate, kikaimbwa Januari hiyohiyo katika kanisa la Wateatini. Mtu yuleyule, mtunzi yuleyule, mwezi uleule. Jukwaani usiku, kanisani mchana. Ile Aleluya ya mbio inayokimaliza kipande hicho ni muziki wa opera mtupu, na hakuna aliyelalamika. Price aliiimba katika santuri yake ya 1961.

Karne iliyofuata mambo yaligeuka. Mwaka 1847, katika mji mdogo wa Roquemaure kusini mwa Ufaransa, mfanyabiashara wa mvinyo na mshairi wa mtaani aitwaye Placide Cappeau aliandika shairi la Krismasi. Muziki wake ulitungwa na Adolphe Adam, mtu wa Paris, mtu wa tamthilia hasa: ndiye mtunzi wa baleti Giselle na wa opera Le postillon de Lonjumeau. Wimbo uliimbwa hapohapo Roquemaure katika misa ya mkesha na Emily Laurey, mwimbaji wa opera. Huo ndio Cantique de Noël, ambao wengi wetu tumeufahamu kwa jina la Kiingereza, O Holy Night. Ukiutazama vizuri utaona umejengwa kama aria. Unaanza chini, karibu na kunong'ona, unasimulia, kisha unaamrisha watu wapige magoti, halafu unapanda, unapanda tena, hadi noti ya juu ambayo hadhira nzima imekuwa ikiingoja. Wananchi waliupenda papo hapo. Baadhi ya makasisi wa Ufaransa hawakuupenda hata kidogo: waliona mtunzi ni wa jukwaani, na mshairi mwenyewe baadaye alielekea kwenye ujamaa na kuipa dini kisogo.

Kisha Novemba 1903 Papa Pius X akatoa hati kali juu ya muziki wa kanisa. Mtindo wa tamthilia, hati ilisema waziwazi, ndio usiofaa kuliko yote kwa ibada. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa katika kwaya ya liturujia. Sauti za juu ziimbwe na wavulana. Kinanda cha piano kilipigwa marufuku kanisani, pamoja na ngoma na matoazi. Amri hiyo ilifika mbali kuliko Roma, na misheni za Afrika nazo ziliishi chini yake. Mwaka 1958 Padre Guido Haazen, Mbelgiji, alipoongoza kwaya yake kuimba Missa Luba kwa ngoma huko Kamina, kusini mwa Kongo, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulikuwa bado miaka minne kuanza. Wanakwaya wetu wa Kikatoliki wanaopiga ngoma kila Jumapili leo wangeshangaa kuambiwa kwamba ngoma na sauti ya mwanamke wa opera ziliwahi kufungiwa nje kwa hati moja.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo hati haikufika. Mwaka mmoja kabla yake, Aprili 1902, ndugu wawili wa kampuni ya gramafoni, Fred na Will Gaisberg, walikwenda Vatikani na mitambo yao wakiwa na tumaini la kunasa sauti ya Papa Leo XIII, aliyekuwa na miaka 92. Hawakuipata. Walichopata ni kwaya ya Sistina, na ndani yake Alessandro Moreschi, wa pekee katika jamii ile ya kina Rauzzini, ya waimbaji waliohasiwa, kuacha sauti yake peke yake kwenye sahani. Mwaka 1904 alirekodi tena, safari hii Ave Maria ya Bach na Gounod. Ukiisikiliza, jiandae. Sauti inapanda kwa kwikwi, inayumba, inalia. Si nzuri kwa kipimo cha sasa, na sidhani alikuwa katika ubora wake siku ile. Ila kuanzia hapo wimbo mtakatifu ulikuwa umepata makazi mengine. Haukuhitaji tena kanisa wala jukwaa. Ulihitaji meza sebuleni. Padre hakuwa na la kusema juu ya kile ambacho familia iliweka kwenye gramafoni yake baada ya chakula cha Krismasi.

Waimbaji wa opera waliingia kwa mlango huo, tena kwa haraka. Enrico Caruso alirekodi Cantique de Noël kwa Kifaransa Februari 1916, kwa kampuni ya Victor. Wakati ule hapakuwa na maikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, akaimba ndani yake, na mtikisiko wa sauti ukatikisa sindano iliyochora mfereji kwenye nta. Violini zilikuwa laini mno kwa pembe hiyo, hata mafundi wakatumia violini za pekee zenye pembe zake zenyewe, na besi wakampa mpiga tuba. Noti ya juu ikikaribia, mwimbaji alilazimika kurudi nyuma hatua moja, la sivyo sindano ingeruka. Noti ya chini, anasogea tena. Mtu aliyezoea kusimama katikati ya jukwaa akiimba kwa mapenzi alikuwa akicheza hatua mbele, hatua nyuma, kwa dakika nne na nusu. Nazo ndizo dakika zote zilizoingia upande mmoja wa sahani kubwa. Beti tatu za Cappeau hazikutosha humo, na desturi ya kuimba mbili na kuacha moja ikazidi kuota mizizi. Mara nyingine unaoachwa ni ule wa minyororo iliyovunjwa na mtumwa anayeonekana kuwa ndugu, ambao John Sullivan Dwight wa Boston aliutia Kiingereza mwaka 1855, miaka sita kabla ya Marekani kuanza kupigana yenyewe kwa yenyewe juu ya jambo hilohilo. Kuuacha ubeti ule ni kuung'oa wimbo meno.

Kama ningelazimishwa kubaki na sauti moja tu ya zama zile za pembe, singemchukua Caruso. Ningemchukua Ernestine Schumann-Heink.

Alizaliwa mwaka 1861 karibu na Prague, akawa mwimbaji wa sauti ya pili, yaani alto, mashuhuri kuliko wote wa enzi yake, mtu wa Wagner, tena aliyeimba Klytämnestra katika onyesho la kwanza kabisa la Elektra ya Strauss huko Dresden mwaka 1909. Hebu fikiria: mama muuaji, mlevi wa ndoto mbaya, okestra kubwa ajabu ikimfokea kutoka chini. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amerekodi Stille Nacht, ule ambao Waingereza huuita Silent Night, kwa Victor. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja alikuwa raia wa Marekani, na watoto wake waligawanyika: mkubwa, August, alikufa ndani ya nyambizi ya Kijerumani, huku ndugu zake wakiwa jeshini upande wa Marekani. Kuanzia mwaka 1926, katika mkesha wa Krismasi, redio za Marekani zilimrusha akiimba wimbo uleule, bibi sasa, kwa lugha ya taifa ambalo wasikilizaji wengi walikuwa wamezika watoto wao waliokufa wakipigana nalo. Haukuhitaji maelezo. Kila mtu alijua aliyekuwa akiimba ni mama wa nani. Sauti yenyewe ilikuwa imechakaa kiasi, na kwa sikio langu hilo halipunguzi kitu.

Stille Nacht ndio mtihani mgumu, mgumu kuliko Cantique. Wimbo wa Adam unamtaka mwimbaji awe mkubwa, na mwimbaji wa opera anajua kuwa mkubwa. Hiyo ndiyo kazi yake. Amefundishwa kujaza ukumbi wa watu zaidi ya 3,000 bila kipaza sauti, juu ya okestra nzima. Waliochunguza sauti hizi wameona kwamba waimbaji hao, hasa wanaume, hurundika nguvu kwenye eneo la mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ina upungufu, na ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kusikika juu ya watu 80. Huo ni ufundi wa kushangaza. Ila uweke mdomoni mwa mtu anayembembeleza mtoto alale, mtoto ataamka akilia.

Na wimbo ule uliandikwa kwa watu wawili na gitaa. Joseph Mohr, kasisi msaidizi wa Oberndorf, karibu na Salzburg, alikuwa na shairi alilolitunga mwaka 1816. Tarehe 24 Desemba 1818 alimpelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, amtafutie sauti. Usiku huo waliuimba wao wawili katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, Mohr akipiga gitaa na kwaya ikirudia mwisho wa kila ubeti. Leo unaimbwa kila mahali, Kiswahili kikiwemo, na kila mwalimu wa kwaya anajua tatizo lake: unaonekana mtulivu lakini umepanuka oktava moja na nusu hivi, na kule karibu na mwisho unapopanda, nusu ya waumini hupiga kelele na nusu nyingine hushuka chini kimyakimya kama hawakuona kitu.

Maikrofoni za umeme, zilizoingia katika kurekodi mwaka 1925, zilibadili hesabu. Sasa mwimbaji aliweza kuimba kwa pumzi ndogo na bado akasikika. Kanda ya sumaku ilipofuata, mafundi wakapata uwezo wa kupandanisha sauti juu ya sauti. Mwaka 1957 Elisabeth Schwarzkopf, soprano wa Kijerumani aliyejulikana kwa Mozart na Strauss, alirekodi santuri yake ya Krismasi kwa EMI mjini London, Charles Mackerras akiongoza. Katika Stille Nacht aliimba sauti ya kwanza, kisha akaimba ya pili juu yake, akawa wawili. Wapo wanaouita ujanja wa studio. Ni ujanja, sawa, lakini ndio unaoukaribia usiku wa Oberndorf kuliko okestra na kwaya za watu 100: sauti mbili tu, zinazofuatana kwa karibu. Zinafanana mno, hilo ndilo kosa lake pekee. Mohr na Gruber hawakuwa mtu mmoja.

Katika wimbo uleule, Price hakufanya ujanja. Alichukua njia ngumu zaidi, ya kuishusha sauti hadi mahali ambapo moshi wake unasikika. Sauti yake ya chini ina ukungu fulani, wengine huuita mkwaruzo, ambao katika Verdi ni viungo na katika nyimbo hizi ndio chakula chenyewe. Anapofika kwa Adam anaiachia. Tofauti kati ya hizo mbili, ndani ya santuri moja, ni elimu ya bure kwa yeyote anayeimba.

Jussi Björling wa Sweden naye alijua kungoja. Rekodi zake za kwanza alizifanya New York mwaka 1920, akiwa mtoto wa miaka tisa, akiimba na ndugu zake Olle na Gösta, kwa maana baba yao, mwimbaji pia, alikuwa akizunguka Marekani na watoto wake kama kikundi cha familia. Februari 1959, moyo wake ukiwa tayari unamsumbua, alirekodi wimbo wa Adam kwa Kiswidi akiongozwa na Nils Grevillius, rafiki wa kazi wa miaka mingi. Aliaga dunia Septemba 1960, akiwa na miaka 49. Kwa Waswidi wengi Krismasi haijaanza mpaka rekodi hiyo ipigwe. Kuna wanaoimba noti ile ya juu kwa nguvu zaidi. Björling anaimba kama mtu aliyeiona kwa mbali tangu mwanzo na hakuona sababu ya kukimbia.

Luciano Pavarotti, mwaka 1976, alikimbia, na Mungu ambariki kwa hilo. Santuri yake ya Decca ni karamu: sauti ya tatu iliyojaa jua, kwaya ya wavulana wa shule ya Wandsworth nyuma yake, kila noti ya juu ikitolewa kama sahani ya mchele inayowekwa mezani kwa mikono miwili. Hakuna kulala horini humo. Nimekuwa nikijaribu kuipinga na sijaweza. Matamasha ya Christmas in Vienna yaliyoanza Desemba 1992, Plácido Domingo na José Carreras wakiwa na Diana Ross, hayo nayapinga bila taabu: watu watatu wenye vipaji wakipishana kwa adabu ndani ya mpangilio wa okestra uliojaa sukari, hakuna anayemwacha mwenzake apumue. Yaliuzwa sana na yakazaa mengine mengi. Tuyaache hapo.

Kipande kimoja cha Price kinanirudisha kwenye santuri yake kuliko vingine vyote, nacho si cha Ulaya. Kinaitwa Sweet Li'l Jesus, na ulimwengu wake ni wa kanisa la Weusi la kusini mwa Marekani, wa watu wanaomwomba mtoto radhi kwa kuwa hawakumtambua alipokuja. Wengi hudhani ni wimbo wa zamani wa watumwa. Uliandikwa na Robert MacGimsey, Mzungu wa Louisiana, ukachapishwa mwaka 1934. Basi tuna Mzungu aliyewaza sauti ya Mweusi akailaza kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikamfikia mwanamke Mweusi wa Mississippi ambaye hakuhitaji kuiwaza. Mtu angeweza kuimba wimbo huu kwa kejeli, au kwa machozi ya kuonyesha. Price haongezi pambo hata moja. Matamshi ya kwao, ambayo shule ya muziki kama Juilliard ingemsahihisha, anayaacha yalivyo, Vienna, mbele ya Karajan, Juni ya mabasi.